Kasoro Haimo Katika Chombo

Imeenea miongoni mwa wapiga muziki wa miji yetu ya pwani, tangu Mombasa na Tanga mpaka Dar es Salaam, itikadi moja ambayo kwa wingi wa wanaoikariri imepata heshima ya kaida isiyodaiwa ushahidi: ya kwamba bendi inayojirekodi nyumbani haina budi kutoa sauti hafifu, yenye mvumo na giza, kwa kuwa haina fedha za kununua maikrofoni za thamani; na ya kwamba siku itakapozipata fedha hizo, au siku itakapompata fundi mwenye mitambo mikubwa wa kuitengeneza kazi yake mwishoni, giza litaondoka na wimbo utasikika sawasawa na nyimbo za mataifa yaliyotutangulia. Husemwa na wauza vyombo, ambao wana faida yao ndani yake. Husemwa na maprodyuza. Na, jambo linalonisikitisha zaidi, husemwa na wapigaji wenyewe, ambao ndio wanaolipa gharama yake. Nadai kwamba itikadi hiyo ni batili. Sauti ya bendi iliyorekodiwa nyumbani hupata uzuri wake au ubaya wake, kwa sehemu iliyo kubwa, kabla haijaingia katika chombo chochote: chumbani, mikononi mwa wapigaji, katika mpangilio wa wimbo, na mahali maikrofoni iliposimamishwa, na mambo hayo manne hayauzwi dukani.

Dhara la itikadi hii ni kwamba hakuna tukio liwezalo kuikanusha. Mpiga gitaa hujinyima, hupokea zamu yake ya upatu, hununua maikrofoni iliyosifiwa, huileta chumbani mlemle, huisimamisha palepale iliposimama ile ya zamani, na sauti hutoka vilevile, au hutoka mbaya zaidi, kwa sababu maikrofoni yenye usikivu mwingi hunasa kwa uaminifu zaidi mwangwi wa kuta, feni ya dari na pikipiki inayopita barabarani. Badala ya kuyahoji mafundisho aliyopewa, huambiwa, naye husadiki, ya kwamba fedha alizotoa hazikutosha. Ndoo ya fedha haiondoi chumvi ya kisima. Lakini mtu huyu amefundishwa kuamini kwamba kinachokosekana ni ndoo ya dhahabu.

Tuanze na chumba, ambacho ndicho mkosaji mkubwa na ndicho kisichotajwa. Nyumba zetu nyingi za mijini zina vyumba vya futi kumi kwa kumi, vya matofali ya saruji yaliyopigwa lipu, sakafu ya vigae, dirisha la vioo, na dari ambayo mara nyingi nayo iko karibu na futi kumi. Aliyebuni kipimo hicho aliwaza kitanda na kabati, wala hakuwaza besi. Sauti husafiri hewani, katika joto la pwani, takriban mita 345 kwa sekunde. Na wimbi la sauti nzito ambalo urefu wake ni maradufu ya upana wa chumba hukamatwa baina ya kuta mbili, likaenda na kurudi, na kila safari hujiongezea nguvu. Kwa chumba cha futi kumi, yaani mita 3.05, wimbi hilo ni lile la mitikisiko 56 au 57 kwa sekunde. Sasa waya wa tatu wa gitaa la besi, ule wa A, ukipigwa wazi hutikisika mara 55 kwa sekunde. Basi kila mpigaji anapoigusa noti hiyo, au ile inayoifuata kwa juu, chumba kizima huitikia kwa mvumo ambao hakuukusudia, ilhali noti nyingine alizozipiga kwa nguvu ileile hubaki katika kiasi chake; na kwa kuwa urefu, upana na kimo cha chumba vinalingana, kosa moja hutendeka mara tatu kwa wakati mmoja.

Tena yako mambo ya ajabu kuliko hayo. Katikati ya chumba, mahali ambapo aghalabu kiti na kompyuta huwekwa, wimbi hilo hujifuta, hata anayeketi hapo haisikii barabara noti ambayo kandokando ya kuta inanguruma. Huiona besi yake ni pungufu, akaiongeza. Kisha wimbo ukachukuliwa kwenye spika za daladala, nao ukavuma hata maneno ya mwimbaji yasitambulikane. Maikrofoni ya thamani gani ingemwokoa mtu huyu? Lakini akikiondoa kiti chake katikati na kukiweka kiasi cha theluthi moja ya urefu wa chumba kutoka ukutani, akaufungua mlango na dirisha ili sauti nzito ipate pa kutokea, na mpiga besi akaunganishwa kwa waya moja kwa moja pasipo kupitia hewani, atakuwa ameondoa nusu ya taabu yake kwa muda usiozidi muda wa kunywa chai, wala hatakuwa ametoa senti moja. Akiwa na uhuru wa kuchagua, na akiacha chumba cha mraba akahamia sebule ndefu, au ukumbi ambao pande zake hazilingani, au hata uani nyakati za usiku mtaa unapotulia, ambako sauti hupanda mbinguni isirudi, atakuwa ameondoa zaidi ya nusu.

Maarifa haya si mageni. Mnamo mwaka 1895 mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Wallace Clement Sabine, alitakiwa kutafuta dawa ya ukumbi wa mihadhara wa jumba la sanaa la Fogg, ambamo neno moja la msemaji lilining'inia hewani kwa sekunde tano na ushei, likajichanganya na maneno yaliyolifuata hata wasikilizaji wasielewe kitu. Vyombo alivyokuwa navyo vilikuwa filimbi ya kinanda cha kanisani, saa ya kupimia muda na masikio yake. Usiku, mji ulipolala, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya kukalia kutoka ukumbi wa jirani wa Sanders, wakaipanga humo michache michache, wakapima muda wa mwangwi kila walipoongeza, kisha wakairudisha yote kabla ya asubuhi. Kutokana na mito hiyo alipata kanuni inayotumiwa hata leo na wajenzi wa kumbi za muziki duniani, na Ukumbi wa Simfoni wa Boston uliofunguliwa mwaka 1900, ambao hutajwa miongoni mwa kumbi bora kabisa za muziki, ulijengwa kwa ushauri wake. Nashangazwa na watu ambao, miaka mia na zaidi baada ya hayo, wanamwambia kijana mwenye magodoro mawili nyumbani kwake kwamba hana cha kuanzia.

Hapa sharti niseme juu ya trei za mayai, maana zimebandikwa katika kuta za studio nyingi za vichochoroni, na anayezibandika hudhani amekwisha timiza wajibu wake kwa chumba. Kitu cha kunyonya sauti hufanya kazi kadiri ya unene wake na uzito wa nyuzi zake. Ili kulipunguza nguvu wimbi kwa kiasi cha maana, unene huo, pamoja na nafasi iliyoachwa nyuma yake, unapaswa kukaribia robo ya urefu wa wimbi lenyewe. Na robo ya lile wimbi letu la besi ni mita moja na nusu. Karatasi nyembamba iliyofinyangwa haifiki popote karibu na hapo. Hugusa kidogo sauti za juu, zile zinazoupa wimbo uwazi, huziacha sauti nzito zikiranda kama zilivyokuwa, na hivyo hukizidishia chumba giza ambalo mwenyewe alikuwa akilikimbia. Haizuii kelele ya nje isiingie wala ya ndani isitoke, kwa kuwa kinachozuia kelele ni uzito, na trei hazina uzito. Na zikishika moto huwaka upesi, jambo ambalo katika chumba chenye nyaya nyingi za umeme halifai kuchukuliwa kwa wepesi. Godoro nene la pamba au la usumba, likisimamishwa pembeni mwa chumba na kuachiwa nafasi nyuma yake, na kabati la nguo likiachwa wazi limejaa, na zulia zito likitandikwa chini ya drams, hufanya kazi kubwa kuliko mamia ya trei. Havitaimaliza besi yote, nami simwahidi mtu hivyo. Vitaondoa ukali wa mwangwi wa kuta tupu, ambao ndio unaoifanya rekodi ya nyumbani itambulikane tangu sekunde yake ya kwanza.

Kutoka chumbani twende kwenye maikrofoni, na kwanza nikubali lililo kweli: maikrofoni hutofautiana. Walakini tofauti baina ya maikrofoni ya kawaida na ya ghali, zikisimama mahali pamoja, aghalabu ni ndogo kuliko tofauti inayopatikana kwa maikrofoni moja ikisogezwa upana wa kiganja. Mbele ya spika ya gitaa, kitovu cha spika hutoa sauti kali yenye makali ya wembe, na ukingo wake hutoa sauti laini na nzito. Baina ya hapo na hapo ziko sauti kadha wa kadha, na mpigaji anaweza kuzipata zote bila ya kununua kitu, ikiwa mwenzake atavaa hedifoni na kusikiliza huku yeye akiisogeza taratibu. Maikrofoni zile zinazosikia upande mmoja huikuza sauti nzito kadiri zinavyokaribishwa kwenye chanzo, na mwimbaji anayeimeza maikrofoni kwa midomo, kisha akalalamika kwamba sauti yake ni nzito na haina uwazi, amekwisha jipatia jawabu lake: arudi nyuma kiasi cha shubiri moja. Spika ya gitaa iliyowekwa sakafuni huongezewa na sakafu uzito isiouhitaji. Ipandishwe kwenye kiti.

Na penye maikrofoni mbili au zaidi huzaliwa kosa ambalo haliponywi na fedha yoyote. Sauti moja ikizifikia maikrofoni mbili kwa nyakati mbalimbali, mawimbi yake hukutana ndani ya rekodi, mengine yakasaidiana na mengine yakauana. Umbali wa sentimita 34 hivi huichelewesha sauti kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Na ucheleweshaji huo, nguvu zikilingana, hufuta mitikisiko ya 500 kwa sekunde, na ya 1,500, na ya 2,500, yaani huchota nyama katikati kabisa ya sauti ya mwimbaji na ya gitaa. Msikilizaji husema muziki umekuwa mwembamba, umekaa mbali, asijue kwa nini. Mafundi wa zamani waliweka kaida ya kwamba umbali baina ya maikrofoni mbili uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila moja na chanzo chake. Kaida hiyo inahitaji kamba yenye mafundo, au mkono wa kupimia. Bendi inayoongeza maikrofoni ya tano na ya sita pasipo kuijua inanunua uharibifu.

Wakati ulikuwapo ambapo kundi zima lilikizunguka chombo kimoja cha kunasia sauti. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice, hapakuwa na mashine ya kumtenga mwimbaji na udi, wala udi na ngoma, ili fundi aje avipime baadaye kwa starehe yake. Mizani ya sauti ilipatikana kwa kumsogeza mtu mbele au nyuma, na kwa mpigaji kujua lini anyamaze ili mwenzake asikike. Santuri zile zina mikwaruzo, nazo hazina sauti nzito wala sauti za juu kabisa. Lakini maneno yanasikika, fidla inajulikana kuwa ni fidla, na kila mmoja yuko mahali pake. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo vijana wetu hawafundishwi, kwa kuwa wameambiwa kwamba mizani ni kazi ya programu.

Naam, mpangilio. Hapa ndipo ninapotofautiana kwa ukali zaidi na wanaoshikilia maoni ninayoyapinga, maana wao huuona ugomvi wa sauti kuwa jambo la ufundi wa mitambo, ilhali mara nyingi ni ugomvi wa wapigaji wenyewe. Chukua bendi za dansi zilizorekodiwa katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam katika miaka ya sabini na themanini, na nitoe mfano wa Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978. Humo mlikuwa na gitaa la solo, la solo ya pili, la ridhimu na la besi, na juu yake tarumbeta na saksafoni, na waimbaji kadhaa wakiitikiana. Umati wa vyombo ambao leo ungemtia prodyuza homa. Walipiga pamoja, wimbo mzima kwa mkupuo mmoja, na bado sikio linaweza kulifuata kila gitaa tangu mwanzo hata mwisho. Kwa nini? Kwa sababu solo ya pili haikukaa katika sehemu ya shingo ya gitaa ambayo solo ya kwanza ilikuwa imeikalia. Ridhimu ilijaza mapengo ambayo besi iliyaacha kwa makusudi. Tarumbeta zilingoja mwimbaji amalize beti ndipo zikaingia. Kabla ya siku ya studio, wimbo ulikuwa umekwisha pigwa ukumbini mbele ya wachezaji, ukapunguzwa hapa na kuongezwa pale, hata kila mtu akajua nafasi yake. Uwazi ule ulitengenezwa mazoezini. Mashine iliukuta uko tayari.

Linganisha na desturi iliyoingia sasa, ya kila mpigaji kuja peke yake kwa siku yake, akapiga sehemu aliyoibuni usiku uliopita, akijaza kila nafasi aionayo kwa kuwa hasikii atakayemfuata. Magitaa matatu hushindana katika masafa yaleyale, kinanda hujilaza juu yao wote, na mwimbaji huzama. Kisha hutakiwa programu ya kompyuta itengeneze kwa kukata na kuchonga kile ambacho wapigaji wanne, wakikaa kitako kwa jioni moja, wangekitengeneza kwa mmoja wao kupanda oktavu moja na mwingine kunyamaza.

Wapinzani wangu wana hoja, nami kwa insafu nitaieleza. Husema: Redio Tanzania ilikuwa taasisi ya serikali, yenye chumba kilichojengwa kwa kazi hiyo na mafundi waliosomeshwa, mfano wake haumfai mtu wa chumba cha kupanga. Vema, tuache taasisi, twende majumbani. Mwanzoni mwa mwaka 1982 Bruce Springsteen alirekodi nyimbo chumbani mwa nyumba aliyoipanga huko Colts Neck, New Jersey, kwa kinasa sauti cha kaseti chenye njia nne tu, na maikrofoni mbili za Shure SM57, ambazo ni za kawaida kabisa na zinauzwa tangu mwaka 1965. Alikusudia ziwe nyimbo za kuonyesha bendi yake. Bendi ikaingia studio kubwa, ikazirekodi upya kwa mitambo ya gharama, na waliposikiliza wakaona kwamba kitu kilichokuwa katika kaseti kimepotea. Kaseti ileile ndiyo ikatolewa kuwa albamu ya Nebraska. Watasema tena: huyo alikuwa mtu mmoja na gitaa lake, si bendi. Hilo ni kweli, na kwa ajili yake nitawapeleka Detroit, kwenye nyumba ya kawaida katika barabara ya West Grand ambayo Berry Gordy, mwenye kampuni ya santuri ya Motown, aliinunua mwaka 1959. Humo, katika chumba kidogo ambacho wapigaji wake walikilinganisha na shimo la nyoka, walibanana watu wa drams, besi, magitaa na vinanda, na kwa miaka zaidi ya kumi wakapiga nyimbo za Motown zilizoshika dunia. Na walipotaka mwangwi walitumia nafasi ya darini kwao wenyewe, chini ya paa.

Mfano wa tatu ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu ndani yake mna ushahidi wa pande zote mbili. Rudy Van Gelder, aliyekuwa mpima macho mchana na fundi wa sauti jioni, alirekodi santuri za jazi katika sebule ya wazazi wake huko Hackensack, New Jersey, mpaka mwaka 1959. Wapinzani watanikumbusha kwamba alikuwa na maikrofoni za Neumann, ambazo ni za thamani kubwa, na sitakana. Lakini mafundi wengi wa siku zile walikuwa nazo au wakazipata baadaye, na sebule ya Hackensack haikurudiwa. Alikijua chumba chake. Alijua tarumbeta isimame wapi na drams wapi. Na waliokuja kwake walikuja wakiwa tayari. Kundi la Miles Davis lilifika humo siku mbili za mwaka 1956, moja ya mwezi Mei na moja ya mwezi Oktoba, likapiga kama lilivyozoea kupiga mbele ya watu, na siku hizo mbili zikatoa albamu nne. Anayetaka kuihesabu Neumann na kuyasahau mengine yote, na afanye hivyo. Mimi naona amehesabu lililo dogo.

Hali ya vyombo vyenyewe nitaipitia kwa haraka, ingawa ni aibu kwamba inahitaji kutajwa. Nyuzi za gitaa zilizoota kutu kwa jasho na hewa ya chumvi hazina tena sauti za juu za kurekodiwa, na hakuna awezaye kuziongeza zisizokuwapo. Ngozi ya drams iliyolegea hutoa kishindo kisicho na noti. Magitaa mawili yaliyopishana kidogo katika kutyuniwa huleta mtetemo unaochosha sikio hata msikilizaji asiyejua muziki. Na ule mlio wa chini usiokoma, unaosikika kila waimbaji wanaponyamaza, mara nyingi ni umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde ukipenya kwa sababu ya waya mbovu au nyumba isiyo na waya wa ardhini ulio barabara. Dawa yake ni fundi wa umeme, na ujira wake ni mdogo kuliko bei ya maikrofoni yoyote.

Limebaki tumaini la mwisho la itikadi ninayoipinga, nalo ni fundi wa mbali, anayepokea wimbo ukiwa umekwisha na kuurudisha ukiwa na sauti kubwa. Namheshimu fundi huyo anapofanya kazi yake halali. Hana, hata hivyo, uwezo wa kuitoa sahani ya matoazi iliyoingia katika maikrofoni ya mwimbaji, wala kumfanya mpiga besi awe alipiga pamoja na drams. Anachoweza kwa wepesi, na anachoombwa kuliko chote, ni kuibana sauti mpaka minong'ono na vishindo vilingane, ili wimbo ushinde wenzake kwa kelele. Ubaya wa jambo hilo ulidhihirika mwaka 2008, ilipotoka albamu ya Death Magnetic ya Metallica, bendi isiyopungukiwa na chombo chochote kiwezacho kununuliwa: ilibanwa hata ikakwaruza, na wapenzi wake wenyewe wakalalamika, wakasema nakala iliyowekwa katika mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero, ambayo haikubanwa hivyo, ilikuwa nzuri zaidi. Na siku hizi hata ushindi wa kelele haupatikani, kwa kuwa Spotify kwa kawaida huzisawazisha nyimbo zifikie kipimo kimoja cha ukubwa wa sauti, cha takriban -14 LUFS, na YouTube nayo huushusha wimbo uliozidi. Aliyeukaba wimbo wake ili uwe mkubwa hupunguziwa ukubwa, akabaki na kukabwa.

Lililo la lazima zaidi kwa mwenye kuchanganya sauti ni kusikiliza kwa uaminifu, nalo lina taratibu zake. Fletcher na Munson, watafiti wa maabara za Bell, walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu halizisikii sauti zote kwa usawa, na kwamba sauti inapopungua, besi hupungua kwa sikio kuliko sauti za kati. Anayechanganya kwa sauti kubwa usiku kucha hudanganywa na sikio lake: kila kitu huonekana kimejaa na kitamu, na asubuhi, kwa sauti ya kiasi, wimbo hauna miguu. Achanganye kwa sauti ya mazungumzo, apumzike, ausikilize wimbo katika redio ndogo ya jikoni, katika simu, katika gari la rafiki, aulinganishe na wimbo wa bendi aipendayo, huku ameishusha sauti ya ule mwingine ilingane na wake. Yamaha NS-10, spika zenye koni nyeupe zilizokaa juu ya meza za studio kubwa za ulimwengu kwa miaka mingi, zilitengenezwa mwaka 1978 kuwa spika za nyumbani za kiasi, na mafundi walizichagua kwa kuwa hazikuficha kasoro.

Mpaka upo, nami siufichi. Maikrofoni ya simu ikiwekwa mbele ya drams huzidiwa na kupasuka, na mlio uliopasuka haurudi. Bendi inahitaji angalau maikrofoni mbili imara za namna ile ya SM57, ambayo ndiyo inayoonekana pia mbele ya marais wa Marekani wanapohutubu, na kijisanduku kimoja cha kuipeleka sauti kwenye kompyuta. Vijisanduku vya bei ya chini vya leo hurekodi kwa biti 24, ambazo kwa hesabu zina nafasi ya desibeli 144, ilhali sidii zilizotawala dunia zilikuwa na 96. Basi hakuna haja ya kuipandisha sauti mpaka taa nyekundu iwake. Vilele viachwe karibu na desibeli -12, na hofu ya kurekodi kwa sauti ndogo iwekwe kando. Hapo ndipo mwisho wa manunuzi ya lazima.

Fedha zinazobaki zina kazi nyingine: nyuzi mpya wiki ya kurekodi, ngozi mpya ya drams, magodoro mawili mazito, ujira wa fundi wa umeme, na nauli za watu watano kukutana jioni baada ya jioni mpaka wimbo uweze kupigwa mwanzo hata mwisho pasipo mtu kumtazama mwenzake kwa wasiwasi. Bendi itakayoyatimiza hayo, ikarekodi, ikasikiliza, na bado ikaona sauti yake haitoshi, hiyo na iende dukani, kwa kuwa itakuwa na uwezo wa kumwambia muuzaji ni noti ipi inayopungua na katika chombo kipi.